RAV4 ya mwaka gani inafaa familia huku Moshi? Mbona kila toleo ni kama gari tofauti kabisa

mangi_wa_uru

Wakuu habari za jioni. Nipo Moshi mjini, nina mke na watoto watatu, mkubwa darasa la sita na mdogo bado wa kubebwa. Kila baada ya wiki mbili lazima tupande Uru kumwona bibi yao na ikifika Desemba ndo usiseme, ndugu wanakuja toka Dar na Dodoma gari inageuka daladala. Sasa hivi natumia kagari kadogo ka cc 1300, kwenye lami hakana shida ila mvua ikinyesha kuna kona moja karibu na nyumbani nashusha abiria wote wanatembea, mimi natangulia nacho peke yangu huku kinaserereka. Mwaka jana mama mkwe alishuka na kitenge chake cha kanisani akazama kwenye tope mpaka kwenye kifundo cha mguu. Hakusema kitu. Angesema ningejisikia nafuu.

Nimekusanyakusanya nina kama milioni 28 na nimeamua iwe RAV4, maana spea zipo na kila fundi ameshawahi kuifungua. Tatizo Jumamosi dalali kanizungusha kunionyesha tatu, zote zimeandikwa RAV4 nyuma ila hata undugu sikuuona. Ya kwanza ka milango mitatu kama toi, ya pili ya 2003 akaniambia "hii ni D4 lakini usiogope" (na mimi hapo hapo nikaogopa), ya tatu ya 2008, pana, imetulia, ndani kama sebuleni. Halafu jirani yangu kazini ana ile mpya ya haibridi (petroli na umeme pamoja), nikasimama pembeni yake nikaona hizo tatu zote ni watoto wake.

Kwa hiyo naomba mnieleweshe hii gari imetoka wapi imefika wapi, walikuwa wanabadilisha nini kila mara. Na mbona barabarani naona za zamani tele na mpya chache, za katikati kama 2014 mpaka 2018 sizioni kabisa? Na fo wili yake (kuvuta tairi zote nne) ni ya kweli au kibandiko tu? Tafadhali asije mtu kuniambia ninunue Land Cruiser.

kijenge_juu

Chukua Noah mzee uache mateso. Watoto watatu, bibi, na mkungu wa ndizi wa kurudi nao mjini, kwenye RAV4 utaulaza wapi?

mangi_wa_uru

Noah ile kona haipandi mkuu, nimeshamsukuma mtu pale mara mbili.

mzee_wa_3S

Mangi, hako ka milango mitatu ulikokadharau ndo babu wa ukoo mzima, kape shikamoo.

Toyota walikaonyesha kama wazo tu kwenye maonyesho ya magari Tokyo mwaka 1989, kakaingia sokoni Mei 1994. Kumbuka enzi hizo gari ya kupanda mlima ilikuwa lazima ikae juu ya chesesi (fremu ya chuma) kama lori, nzito, inarusharusha watu. Wao wakachukua bodi la kuungana lote pamoja kama la saluni, vitu vingi vya chini wakaazima kwa akina Corolla na Carina, kila tairi ikawa na suspensheni yake inayojitegemea, wakaweka injini ya 3S ya cc 2000 na fo wili ya muda wote. Matokeo yake gari imenyanyuka lakini ukiendesha unasikia kama upo kwenye gari ndogo. Leo kila kampuni inatengeneza hivyo hata hatushangai, ila Honda CR-V imekuja mwishoni mwa 1995 na Forester 1997, zote zimemkuta huyu yupo barabarani.

Ila haikuwa gari ya familia hata kidogo. Ilikuwa ya kijana mwenye mchumba mmoja na begi moja. Ile ya milango mitatu ina urefu wa kama mita 3.7 tu. Mwaka 1995 wakaongeza ya milango mitano ndo na watu wenye watoto wakaanza kuitazama.

Nilikuwa na ya milango mitatu, gia za mkono, miaka saba nzima hapa Moshi. Kuna kitufe cha kufunga difu ya kati, ukikibonyeza kwenye tope la Kibosho unasikia kabisa gari imekaza mkanda, mbele na nyuma zinavuta sawa. Injini yake inatumia mkanda wa taimingi, unabadilisha kila kilomita laki moja, basi. Nimeiuza kwa sababu moja, mama yangu alianza kusumbuliwa na magoti. Kuingia siti ya nyuma unakunja siti ya mbele halafu unapita kwa kujibanza kama unaingia dirishani, siku moja alikwama katikati hawezi kuingia wala kutoka, na yeye akaanza kucheka, na akicheka ndo anazidi kukwama. Wewe una mama mkwe. Usijaribu.

chuga_boy77

Mzee wa 3S unatupiga kamba kidogo, Niva ya Warusi ya 1977 nayo haikuwa na chesesi na ilikuwa fo wili. Toyota sio wa kwanza.

mzee_wa_3S

Ni kweli Niva haina chesesi, hapo umenikamata. Lakini nyuma ilikuwa na eksele moja nzima kama ya pikapu, na ukiiendesha kilomita 80 kutoka hapa mpaka Arusha unashuka masikio yanalia. Nazungumzia ile ya kustarehe.

spana14

Mimi ni fundi, nipo Unga Limited Arusha, hizi gari nalala chini yake kila siku ngoja nikusaidie kwenye hiyo D4 maana mnatishana bure na wakati mwingine mnatishana kwa haki.

Toleo la pili lilianza 2000 likaisha 2005. Zilizotoka Japani zenye fo wili nyingi zina injini ya cc 2000 inaitwa 1AZ-FSE, hiyo ndo D4. Injini ya kawaida injekta inamwaga petroli kwenye njia ya hewa, inachanganyika na hewa ndo inaingia silinda. D4 injekta inapiga moja kwa moja ndani ya silinda, na ili iweze kupiga humo inahitaji presha kubwa sana kwa hiyo kuna pampu ya pili juu ya hedi (kichwa cha injini) inasukumwa na kemshafti. Ikiwa nzima ina nguvu na haili sana. Sasa petroli ikiwa na maji au uchafu hiyo pampu na injekta ndo wa kwanza kuugua na bei zake utaomba maji ya kunywa. La pili, zile valvu za kuingiza hewa hazioshwi tena na petroli, masizi yanajijenga, gari inaanza kutetemeka ikiwa imesimama, mwenye gari anabadilisha plagi anabadilisha koili tatizo lipo pale pale. Inasafishika ila lazima ufungue. Na kuna zile za cc 1800 injini 1ZZ, hazina fo wili, dalali akikwambia hii ni 1800 na ni fo wili mwambie afungue boneti akuonyeshe.

Toleo la tatu lilianza mwishoni mwa 2005. Hapa wameikuza kila upande, ya milango mitatu wameifuta kabisa, za Japani nyingi zina injini ya cc 2400 inaitwa 2AZ-FE, hii sio D4, inatumia cheni, kwa petroli ya huku inavumilia zaidi. Lakini isiwe umeambiwa haina dhambi. Ina dhambi mbili. Moja inajulikana mpaka Marekani, ringi za pistoni zinaweza kuanza kulamba oili, bila moshi wa kutisha, unashtukia kijiti cha kupimia oili kimekauka. Ya pili bolti za hedi zinashika kwenye bloku ya aluminiamu, gari ikishachemsha vizuri nyuzi zinang'oka, hedi inanyanyuka kidogo, maji yanapungua na huoni yanapovujia. Yanavujia nyuma ya injini upande wa dashibodi ambako hakuna anayeangalia. Kwa hiyo ukienda kukagua beba tochi, mulika kule nyuma, ukiona ukoko wa rangi ya pinki umekaukia kwenye bloku wala usigombane na mtu, aga uondoke.

Kuhusu fo wili. Toleo la kwanza na la pili zinavuta zote muda wote. La tatu kwenye lami inavuta mbele peke yake, tairi za mbele zikianza kuteleza kuna klachi ya umeme kwenye difu ya nyuma inashika na nyuma nako kunavuta. Kuna kitufe cha LOCK unashikisha kwa lazima, ukipita kilomita 40 kwa saa inajiachia yenyewe. Kwa kona yako ya Uru inatosha sana mradi tairi zisiwe vipara. Watu wanalaumu fo wili kumbe tairi imebaki laini kama kisigino.

Na kitu kimoja mniandikie kwenye friji: nenda asubuhi kabla hajaiwasha. Shika boneti kwa kiganja. Ikiwa ya moto uliza kwa nini.

mama_K_sakina

Mimi ninayo hiyo ya tatu, ya 2007, mwaka wa sita huu, nakaa Sakina na kila Desemba tunapanda Rombo mimi na mume wangu, watoto watatu na dada wa kazi. Nisiongee mambo ya injini fundi kashamaliza, niongee ya mwanamke anayepakia mizigo.

Mlango wa nyuma haufunguki kwenda juu, unafunguka pembeni kama wa friji, na tairi ya spea imening'inia juu yake. Hinji zipo kulia. Maana yake ukipaki kushoto mwa barabara kama tunavyopaki, unafungulia upande wa watembea kwa miguu unapakia huku umesimama salama. Wamarekani nasikia walikuwa wanalalamika sana kwa sababu wao wanapaki kulia, mlango unawazibia, sisi hapo tumebahatika. Ila ukipaki mgongo karibu na ukuta ndo basi, huwezi kutoa hata mfuko wa mkate mpaka usogeze gari. Na ule mlango ni mzito, tairi lile miaka inavyoenda linaushusha, wangu nilifika mahali naunyanyua na goti ndo unafunga.

Siti ya nyuma inasogea mbele na nyuma. Mtoto wa kubebwa akikaa kwenye kiti chake unamsogeza karibu, buti inaongezeka, mkungu wa ndizi unalala vizuri na ndoo mbili za mbege zinasimama bila kumwagika (niliweka tairi la zamani la bajaji katikati, ndoo inakaa humo haichezi, jaribuni). Kule Usseri tuliwahi kupanda na mvua ya masika usiku, kuna mwinuko maji yalikuwa yanatiririka katikati ya njia kama mfereji, nikabonyeza hicho kitufe, kwanza ilisitasita, tairi moja ikazunguka bure, halafu ikapanda taratibu hadi juu. Mume wangu alikuwa ameshashika mlango tayari kushuka.

Mafuta mimi napata kilomita 9 mpaka 10 kwa lita safari, mjini usinihoji.

Kosa nililofanya ni gia boksi. Hizi za Japani za 2400 ni CVT (otomatiki isiyo na gia za hatua), ina hydrauliki (mafuta ya gia boksi) yake maalum, sio hii nyekundu ya kawaida. Gereji moja mjini nikawaamini, wakanibadilishia bila kuniuliza, baada ya wiki tatu gari ikawa inavuma na kukwama ikianza kuondoka, nikaambiwa gia boksi imekufa. Niliinunua nyingine. Siku hizi nanunua hydrauliki mwenyewe, naibeba kwenye mfuko na nasimama pale mpaka waimwage yote.

spana14

Mama K pole sana. Hiyo naipata kila mwezi. Toleo la kwanza na la pili zina gia boksi ya kawaida ya gia nne, hydrauliki ya kawaida inaenda, sasa fundi aliyezoea hizo akikutana na CVT anadhani ni zile zile.

namba_D

Swali la za katikati nalijibu mimi maana naagiza magari, kila mteja ananiuliza.

Toleo la nne limetoka mwishoni mwa 2012, likauzwa Marekani, Ulaya, Australia na kwingine, Japani hawakuliuza. Ndo lile la kwanza mlango wa nyuma kufunguka kwenda juu na tairi la spea likafichwa chini, na haibridi ya kwanza ya RAV4 iliingia humo kuelekea 2016. Japani waliendelea kuuza bodi lile lile la tatu mpaka 2016, halafu wakakaa bila RAV4 yoyote mpaka Aprili 2019 toleo la tano lilipoingia, na lilivyoingia likabeba gari bora ya mwaka Japani 2019-2020. Sisi magari yetu tunaagiza Japani, kwa hiyo pengo la kwao ndo pengo la barabara ya Moshi–Arusha. Hizo chache za toleo la nne unazoziona zimekuja kwa njia nyingine, Uingereza au huko Australia.

Hapo kuna mtego na kuna bahati. Mtego ni kwamba kadi ikiandika 2013 usidhani umepata bodi jipya, ni lile la 2005. Bahati ni kwamba unaweza kupata bodi la tatu changa, lisilochoka.

Kingine ambacho watu hawakijui, bodi la tatu lina ndugu yake anaitwa Vanguard. Ni RAV4 ile ile iliyorefushwa, nyingi tairi la spea halipo mlangoni na zipo za siti saba. Kwa mtu mwenye watu wengi Desemba angalia huko, ila siti za mwisho ni za watoto, shemeji wa kilo 90 ukimweka huko hamtaongea mpaka Pasaka. Kuna ya V6 ya 3500 pia, iache ipite.

Ukitaka kuagiza mwenyewe ingia kwenye kikokotoo cha TRA kwanza kabla hujapenda picha. Injini ikizidi cc 2000 ushuru wa bidhaa unatoka 5% unaenda 10%, na gari ikivuka miaka kumi kuna tozo ya uchakavu 30%. Kwa milioni 28 mkuu mimi nakushauri kwa roho safi nunua ya hapa hapa namba D (herufi za namba ya usajili zinaanza na D) iliyotunzwa, na mimi hapo sipati hela yoyote kwa hiyo niamini.

chuga_boy77

Na hiyo mpya ya jirani yake?

namba_D

Hiyo ni ya tano, haibridi ya 2500, urefu mita 4.6, karibu mita nzima zaidi ya ka mzee wa 3S. Na ya sita wameionyesha Mei 2025, kwa Marekani na Japani haina tena ya petroli tupu, ni haibridi au ya kuchomeka kwenye umeme basi. Tutaiona huku tukiwa wazee.

kijenge_juu

Bado nasema Noah.

mangi_wa_uru

Wakuu narudi na mrejesho baada ya siku kumi.

Ile ya 2008 nilienda saa kumi na mbili na nusu asubuhi bila kumwambia dalali. Nikakuta boneti ya moto. Nikamuuliza kwa nini, akasema mtoto ameiwasha kuchaji betri. Nikamulika na tochi kule nyuma, pinki ipo, imeshuka mpaka chini kama mshumaa umeyeyuka. Nikaaga. Akanipunguzia milioni mbili nikiwa nimeshafika getini, hapo ndo nikajua nimefanya vizuri kuondoka.

Jana nimeenda Njiro kule Arusha, mama mmoja mtu mzima anauza yake, bodi la tatu, namba D, fo wili, ameandika kwenye daftari la shule kila alipobadilisha oili na kilomita zake tangu aichukue. Kijiti kipo kwenye alama, injini baridi, imewaka mara moja haikutetemeka. Hydrauliki nikamuuliza, akaingia ndani akanitolea kopo tupu la mwisho alilonunua, ya CVT kweli. Mke wangu akakaa nyuma katikati ya watoto, akasogeza siti, akasema tu "hii". Nimelipia, kadi tunabadilisha wiki hii.

Kasoro ni ule mlango wa nyuma, umeshuka kama Mama K alivyosema, lazima uunyanyue ndo ushike. Mama wa watu hata hakunificha, alinionyesha mwenyewe anavyoupiga na nyonga. Fundi spana, hiyo inatengenezeka au ndo naanza kuzoea?

spana14

Inatengenezeka. Kwanza ondoa tairi la spea mlangoni ujaribu kufunga, ukifunga vizuri tatizo ni pini na bushi za hinji zimelika, ukiona bado unagoma basi ni ile ndoana ya loki kwenye bodi imehama, hiyo unalegeza bolti mbili unasogeza. Usikubali mtu akuchomelee hinji. Lete Jumanne, Jumatatu nimejaa.

mangi_wa_uru

Jumanne nakuja. Jumapili tunapanda Uru, mama mkwe anakaa mbele.

mama_K_sakina

Mvua inatabiriwa wikiendi hii baba, kitufe cha LOCK kijue kilipo kabla hujaondoka, usikitafute ukiwa kwenye kona.